Jiliwa la Mama

Juzi mnunuzi wa vyuma chakavu alisimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Mkolani, akalitaka jiliwa la marehemu mama, lile la kubania vyuma mezani. Alitaka kulipima kwa kilo. Nikakumbuka alasiri ile Igogo, harufu ya grisi na ya dagaa walioanikwa, mama alipokwenda nami, nikiwa mtoto, kulinunua.

Muuzaji alimsukumia lililopakwa rangi mpya ya kijani. "Hilo lenye kutu waachie wanaume, mama. Chukua hili."

Mama aligonga la kijani kwa nyundo, likatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akagonga lenye kutu, likaitika kama kengele ya kanisa. Kisha akang'oa unywele wangu, akaubana kwenye taya za lile lenye kutu na kuuvuta. Ukakatika. Nilidhani amenitoa kafara, nikalia kwa sauti. Kumbe alikuwa anaangalia kama taya zinakutana sawasawa.

"Nachukua hili," alisema, akajitwika mwenyewe.

Huyu wa juzi naye akaniuliza, "Dada, fundi mwenyewe yuko wapi?"

Niling'oa unywele kichwani kwangu, nikaubana kwenye jiliwa.

"Vuta," nikamwambia.