Tumbo Lililonyamaza

Wauguzi wenzake walimwita Dada Sikio, kwa sababu akishaweka kipimo cha kusikilizia juu ya tumbo la mgonjwa haondoki upesi.

"Unasikiliza taarifa ya habari?" walimtania.

"Nyamazeni, bado matangazo," hujibu bila kuinua kichwa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia tumbo la fundi wa kuchomelea vyuma, kijana aliyejikata mguuni kwa bati, kidonda kikaoza, vijidudu vikaingia kwenye damu. Presha ilianguka, akawekewa dawa ya kuipandisha, na sasa namba kwenye skrini zilipendeza kweli. Lakini tumbo lilikuwa gumu, limevimba, na ndani kimya. Tumbo la mtu hunung'unika hata akiwa amelala. Hili halikusema lolote.

Daktari akalibonyeza, akakunja uso. "Dawa inayoshikilia presha inabana mishipa. Imebana mpaka ya utumbo. Utumbo ukikosa damu, unakufa huku mwenyewe angali hai. Tumwongezee ya kulegeza mishipa hiyo, tone kwa tone. Ukiharakisha, presha inaporomoka, tunampoteza."

"Na tusipompa?"

"Tunampoteza polepole."

Daktari akafungulia matone. Nyuma ya kioo cha dirisha alisimama mama wa fundi, amekumbatia mfuko. Wodi ile ilikuwa na mwiko: muuguzi hageukii kioo kabla daktari hajazungumza na ndugu, maana ndugu husoma nyuso.

Dada Sikio alisikiliza hadi shingo ikamuuma. Ghafla kitu kikanguruma mle ndani, mara moja tu. Akatabasamu bila kujijua, akainua kichwa, macho yake yakagongana na ya mama.

Mama akatoa simu, akaanza kuwapigia ndugu.

"Umefanya nini?" daktari akanong'ona.

"Limelia, daktari! Limelia!"

"Mlio mmoja?"

Haukurudia. Walipoongeza matone, presha ilishuka. Walipopunguza, presha ilipanda na tumbo likazidi kukaza. Kisha mrija wa puani ukaanza kutoa maji meusi kama machicha ya kahawa, damu iliyovuja ndani. Daktari akapiga simu chumba cha upasuaji.

"Nenda kawaambie ndugu tunampasua sasa hivi," akasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Nakuja."

Ukumbini walishajaa shangazi, binamu, na mafundi wenzake waliokuja na ovaroli zao za kazini.

"Nilisema mimi, jamaa ana roho ya paka!"

"Akirudi kazini bila buti, mguu wa pili nitamkata mwenyewe!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama akamwona Dada Sikio mlangoni, akamkimbilia akicheka.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Nimemletea suruali na shati. Mtamvalisha humo ndani, au tumvalishe kwenye gari?"

Dada Sikio akaupokea mfuko. Nyuma yake milango ikasukumwa, magurudumu ya kitanda yakaja mbio, na vicheko vikakatika kimoja kimoja. Cha mama kilikuwa cha mwisho.