Mkuyu Juu ya Chumba cha Shangazi

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda kana kwamba mambo yale yametokea jana. Wazee wenzangu hupenda kusimulia ya ujana wao wakiwa wamepoa, sauti imelainika, kikombe cha chai mkononi. Mimi sijapoa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu langu mimi nililitia kwenye mwili wa mtu mwingine, ndiyo maana linaniwasha zaidi.

Ulikuwa mwaka ule ulioishia na mvua za El Niño, mto Tana ulipovunja kingo na barabara ya Garsen ikageuka ziwa. Lakini mambo haya yalianza kabla ya mvua, jua likiwa kali na mto umekonda. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimerudi kutoka vibarua vya Malindi kuja kukaa nyumbani, kijiji chetu kikiwa chini kidogo ya Ngao. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na katika vitu alivyoniachia kulikuwa na mkuyu mmoja mkubwa.

Usishangae mtu kurithi mti. Kwetu, mti ni wa aliyeupanda, hata ukiwa umesimama kwenye kiwanja cha mwingine. Unaweza kumpa mtu mahali akajenga, akalima, akazeeka hapo, na mti ulio mlangoni pake ukabaki wako na wa watoto wako. Mkuyu huu babu yangu aliuchomeka ardhini ukiwa kigingi cha ua wa mbuzi. Mkuyu hauna makuu. Ukiuchomeka mbichi karibu na maji, unashika. Ukashika, ukaumeza ua, ukameza na njia, hata watu watatu wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka.

Hatua chache kutoka shinani ilikuwa nyumba ya shangazi yangu Miriamu, dada yake baba. Mumewe alipokufa alirudi kwao, akapewa mahali pale ajenge vyumba viwili vya udongo na paa la makuti. Alikuwa fundi wa mikeka. Vidole vyake vilikuwa vikisuka ukili huku mdomo unazungumza mengine na macho yanaangalia chungu jikoni, na mikeka yake iliuzwa mpaka soko la Garsen. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha.

Tawi moja la mkuyu, nene kama pipa, lilipita juu ya chumba chake cha kulala. Msimu ule halikutoa majani. Shangazi alikuja kwangu asubuhi, akakaa, akauliza habari za mke wangu, akanywa chai hadi mwisho, ndipo akasema lililomleta.

"Baba, lile tawi limekufa. Nikijilaza nalisikia linalia. Nikatie hilo tu, mti wako nakuachia."

Aliniita Baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Na mimi, baba mtu, nikamkatalia.

Nitakwambia kwa nini, wala sitajitetea. Nilikuwa nautaka mkuyu ule niuchonge mtumbwi. Mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu na magunia, wa kunitoa kwenye vibarua. Na fundi wa mitumbwi hakati mti kiangazi. Akiukata kiangazi, jua litaupasua kabla hajaumaliza, na akiumaliza hana wa kumsaidia kuuburuta hadi mtoni. Husubiri maji yakaribie kupanda, akaukata, akauchonga ukiwa mbichi hapo hapo ulipolala, na mafuriko yakija yanamchukulia mzigo wake bila jasho. Tawi lile nalo lilitoka kwenye shina pale pale nilipopanga pawe ubavu wa mtumbwi. Niliogopa likikatwa ovyo, ufa utateremka shinani na kuniharibia ubao. Kwa hiyo nikamwambia shangazi asubiri mvua, nitaukata wote kwa mara moja. Nikamshauri ahamishie kitanda chumba cha mbele, kama vile mimi ndiye niliyemjengea.

Shangazi hakugombana. Alikwenda kwa wazee. Na hapo, mwanangu, ndipo hasira yangu inapopata watu wengine wa kuwashika.

Wazee walikaa vikao vitatu. Cha kwanza kilijadili mti ni wa nani, jambo ambalo hata mbuzi walilijua. Cha pili kilimsikiliza baba mdogo Buya, ambaye alikuwa ametundika mizinga miwili ya nyuki upande wa pili wa mti, akasema nyuki wakisumbuliwa watahama, na asali hajaipakua. Mwingine akasema kivuli kile ndicho wanachopumzikia wanaotoka shambani. Mwingine akasema haraka haraka haina baraka. Mwingine akaongeza kwamba subira huvuta heri. Nakuomba uangalie sana mtu anayekutolea methali wakati anatakiwa kutoa shoka. Methali ni mali yetu, nami nazipenda, lakini siku ile zilikuwa kichaka cha waoga kujificha, na mimi nilikuwa katikati ya kichaka hicho natikisa kichwa kukubali.

Unajua vikao hivyo vilifanyika wapi? Uani kwa shangazi, kwenye kivuli cha mti wenyewe, mbali na lile tawi bovu. Unajua nani aliyepika? Yeye. Alitupikia wali na kambare wa kupaka, akatuletea maji ya kunawa, akarudi jikoni kungoja kusikia tumeamua nini. Hakuna aliyemwambia, Miriamu, hebu kaa hapa utueleze. Tulikula samaki wake tukijadili kama tumwondolee hatari au tumwache nayo, na tukalamba vidole. Ningeweza kurudi siku ile ningejikamata shingo.

Kikao cha tatu alipita mama mmoja wa Kiorma, Habiba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimletea shangazi maziwa kutoka bomani kwao. Aliweka kibuyu chake chini, akasimama akisikiliza. Hakuwa amealikwa. Alipochoka kutusikiliza akatukatiza.

"Nyinyi nasema mti ya nani, mti ya nani," akasema. "Sisi ng'ombe ikilala mahali mbaya, hatuulizi kwanza ya nani. Nahamisha, halafu ndio nauliza. Huyu mama nalala chini ya hiyo tawi. Nyinyi nalala wapi?"

Nami, kijana mwenye mti, nikaona nimeaibishwa na mwanamke mgeni mbele za watu. Nikamjibu kwamba kazi yake ni maziwa, ya miti atuachie wenyewe. Watu wawili watatu wakacheka. Habiba alichukua kibuyu chake, akaingia jikoni kwa shangazi, na kikao kikaamua kwamba mti ungojee mvua.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa mchana, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Wengi hudhani tawi huanguka kwa dhoruba. Mkuyu huangusha tawi lake siku imetulia kabisa. Shangazi alikuwa ameshahamisha kitanda, kama nilivyomwagiza, lakini ukindu wake wa kusukia mikeka aliuweka chumba kile cha nyuma, kwa kuwa kilikuwa na ubaridi na ukindu haukukauka upesi. Aliingia kuchukua mafungu mawili. Mimi nilikuwa mtoni, nikasikia mlio, na kabla sijageuka nilijua. Nilikimbia nikijua.

Tulifukua makuti na udongo kwa mikono. Alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya tawi, kuanzia kiwikoni, na hakulia. Alikuwa anataja jina la Mungu polepole tu. Tulimpeleka hospitali juu ya kitanda cha kamba. Waliokoa uhai wake, na mkono nao waliuacha mwilini, lakini ulirudi nyumbani ukining'inia kama nguo, vidole havikunji wala havikunjuki. Hakusuka tena mkeka mpaka anakufa.

Sasa sikia jambo linalonichoma kuliko yote. Siku aliporudi, kiangazi kikielekea ukingoni, wazee walikutana wakakubaliana mti ukatwe, na mkutano ule haukufika hata muda wa kuchemsha chai. Baba mdogo Buya alipakua asali yake siku hiyo hiyo, na nyuki walihama salama salimini. Kilichotushinda vikao vitatu kilikwisha kwa siku mbili za shoka. Kumbe kiliwezekana tangu mwanzo.

Na mimi, baada ya kuukata, nikauchonga. Ndiyo, niliuchonga. Nilijiambia kwamba kuuacha uoze ni hasara juu ya hasara. Shina lilikuwa zima, halina ufa hata mmoja, na nilijisifu kwa hilo, nikiwa nimesahau kwamba halikuwa na ufa kwa sababu nilimkatalia shangazi. Vuli ilipoanza nilikuwa nimeshamaliza kuchonga.

Maji yalikuja kuliko yeyote alivyowahi kuona. Yaliingia mashambani, yakaingia vyumbani, migomba ikabaki vichwa tu. Mtumbwi wangu ulielea wenyewe kutoka pale mti ulipoangukia, kama nilivyopanga, nami nikaanza kuokoa watu. Nilivusha watoto, nikavusha wagonjwa, watu wakaniombea dua. Nikafika kwa shangazi, kule mashambani alikohamia baada ya nyumba yake kubomoka. Alikuwa amekaa juu ya kichanja alichojengewa cha kuhifadhia mpunga, kifurushi mapajani, maji yakimgusa nyayo. Nikausogeza mtumbwi hadi pale alipo, nikamnyooshea mkono.

Akautazama mtumbwi kutoka mbele hadi nyuma. Akausifu kwamba umechongwa vizuri. Kisha akasema, "Sipandi, Baba. Huu ulikuwa na thamani kuliko mimi. Nitauchafua."

Nilimsihi. Nilipiga magoti humo mtumbwini, maji yakipanda, nikalia mbele ya watu niliowabeba. Hakupandisha sauti wala hakugeuza uso. Alikaa pale mpaka alipopita mvuvi mmoja wa kijiji cha Ozi na mtumbwi mkuukuu unaovuja, akamwita, akapanda. Niliwafuata kwa nyuma. Njia nzima shangazi yangu alikuwa anakumba maji yaliyoingia mtumbwini kwa kata, kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kazi, na nusu ya maji aliyoyachota yalimrudia mapajani.

Aliishi miaka mingine tisa. Tulisalimiana, alikula kwangu, watoto wangu aliwabeba kwa mkono mmoja. Nilimwomba msamaha akaniambia amesamehe. Lakini katika mtumbwi ule hakuingia hata mara moja, na akitaka kuvuka alingoja mwingine, hata kama ni nusu siku. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekua, ameoa, na anaishi na mimi nyumba moja.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Siku utakapokuwa na mti karibu na nyumba, au jambo lolote linaloegemea juu ya kichwa cha mtu, wa kwanza kuulizwa awe ni yule anayelala chini yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye mti, mwenye asali, mwenye kivuli na mwenye methali wangoje zamu yao nyuma. Kama mti ni mzima na hauna kosa, uache, usiwe mtu wa kukata kwa hofu za bure. Kivuli hakijengwi kwa mwaka mmoja. Lakini mtu wa nyumba ile akikwambia tawi limekufa, panda ukaliangalie siku hiyo hiyo. Ukikuta limekufa, likate, hata kama linakuharibia ulichokipangia. Na mgeni akikwambia ukweli mbele za watu, meza aibu yako ushike shoka. Mimi nilichagua kulinda ubavu wa mtumbwi, nikaupata mzima, na mkono wa dada yake baba yangu nikaupoteza.

Mungu akupe nyumba yenye kivuli na watu wanaothubutu kukwambia kitu. Akujalie masikio yanayosikia mtu akisema mara ya kwanza, kwa upole, baada ya kumaliza chai yake. Na siku ya maji, ukimnyooshea mkono mtu wa damu yako, aushike.