Zimwi Limesimama Wapi?

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo rafiki yangu Masanja alipiga miayo katikati ya vita yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi. Nilikuwa nimerudi Bariadi na shahada, serikali haiajiri tena kama zamani, nami kutwa nawaza: nimekosea wapi, watu wananisemaje, na kwa nini nawaza sana hivi. Kitu kimoja kilinituliza. Mwalimu mmoja mgeni aliniachia chuoni kitabu cha mchezo wa mezani pamoja na dadu zake. Mmoja anasimulia kisa, wenzake kila mmoja anakuwa shujaa ndani yake, na likija jambo gumu dadu inaamua. Kila Jumapili alasiri walikuja uani kwetu kucheza: Masanja, karani wa mnunuzi binafsi wa pamba, na Kabula, mwalimu wa shule ya msingi. Hao tu ndio marafiki niliobaki nao.

Siku hiyo mashujaa wao walikutana na zimwi. Dadu ikarushwa. Nimelipiga. Bado halijafa. Ikarushwa tena. Limekupiga. Bado hujafa. Saa nzima!

"Ndugu yangu," Masanja akasema, "hii ni vita au tunachambua pamba fifi, ile chafu, punje kwa punje?"

Kabula alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi Jumapili ijayo naenda kwenye kibanda kipya cha video. Kule mtu akipigwa teke anapaa juu ya meza!"

"Tumpe nafasi ya mwisho msomi wetu," Masanja akasema. "Jenereta la video linawashwa saa kumi. Likinguruma na sisi bado tunapiga miayo, kwaheri."

Wiki nzima niliandika kanuni. Kanuni za rungu, za mkuki, za mtu anayetumia mkono wa kushoto. Ijumaa mjomba wangu Shigela alifika kwa baiskeli kutoka Ngulyati, akanikuta nimeinamia daftari.

"Mwadila, mjomba," nikamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, mpwa wangu. Barua ya kazi hiyo?"

Niliona aibu, lakini nikamsomea yote. Alisikiliza huku akifungua kamba za mzigo wake, kisha akauliza, "Hilo zimwi limesimama wapi?"

"Mbele yao."

"Mbele yao wapi? Kwenye mawe? Kwenye tope?"

"Hilo sikuliandika."

Akacheka kwa sauti. "Unamkumbuka fahali wangu mweusi, yule mfupi? Alimsukuma dume la jirani lililomzidi kimo. Nguvu alizitoa wapi? Alisubiri mpaka akapata mwinuko, akashuka nao! Wazee walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ona, hata methali imezikumbuka nyasi. Wewe msomi umewakumbuka tembo tu."

Mwanangu, nililifunga daftari lile na sikulifungua tena.

Jumapili niliweka mezani mawe matatu yawe kilima. Nikalaza kipande cha khanga kiwe korongo, nikamwaga mwishoni mwake udongo mweusi wa mbuga uliolowa, ule unaovua watu viatu. Juu ya kilima nikaweka kiberiti. "Huo ni mkokoteni wa pamba," nikasema. "Umefungwa kwa kamba moja. Zimwi liko korongoni, linapanda kuja kwenu."

Wote wawili wakainamia meza. Nikawaza, nimeharibu tena.

"Hiyo kamba," Masanja akasema polepole, "inakatika?"

"Jaribu."

Akarusha dadu, akaruka kutoka kwenye kigoda. Mkokoteni ukaporomoka! Ukalibeba zimwi mpaka kwenye tope, miguu ikazama hadi magotini. Lakini nalo halikuwa jinga. Liling'oa gurudumu likalirusha kilimani, na shujaa wa Kabula akateleza, akabaki ananing'inia ukingoni kwa mkono mmoja.

"Masanja, nishike!"

"Nikikushika, zimwi linatoka topeni!"

"We! Nilikupikia ugali bure?"

Mjomba, aliyekuja kutazama tu, alisimama akapaza sauti, "Jiwe! Lisukume jiwe kwa mguu, binti yangu!" Kabula akarusha dadu. Jiwe likabiringika, zimwi likalala moja kwa moja.

Tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Ndipo nikasikia jenereta la video likinguruma, na kwa jinsi lilivyopata moto, lilikuwa limewashwa zamani. Hakuna aliyeinuka. Kabula alikuwa anafuta tope mezani akisema, "Nyuma ya kilima kuna nini?"

Basi, mwanangu, nimekuona juzi ukiongeza kanuni na wenzako wakichungulia simu. Kabla ya kuuliza adui ana nguvu kiasi gani, uliza amesimama wapi. Wape wachezaji mahali pa kupanda, mahali pa kukwama, na kitu kimoja kinachoweza kukatwa au kusukumwa. Vikizidi sana watachanganyikiwa kama mimi na daftari langu. Waeleze wazi wanachokiona, usiwafiche. Na adui naye avitumie, maana uwanja hauna ndugu. Wakikuuliza jambo hukuliandika, usiogope. Sema, jaribu.

Mungu akujalie meza isiyopungua watu, na kila ukisimama kwenye tope, akuoneshe mwinuko ulipo.