Nilivyosikia Damu Ikipita

Mwaka ule maharage yalikuwa adimu, mtaa wetu mzima wa Biryogo tukala viazi vitamu asubuhi na viazi vitamu jioni. Ndipo nilipoanza kazi kwa daktari wa mishipa: kufagia, kuita wagonjwa, kulinda mlango. Shule niliishia la tatu. Siku ya kwanza daktari huyo aliniambia, "Mama, humu wanaume wanaingia na aibu. Ikitoka nje, hawarudi."

Walikuja wale ambao uume umelala, hausimami. Wengi walidhani wamerogwa. Daktari aliwachoma sindano pale pale penyewe, dawa ya kufungua mishipa, akangoja, akapaka jeli baridi, akapitisha mashine. Mashine ile inasikia damu! Mshipa mzima unavuma kama cherehani, ulioziba unanong'ona. Mimi na ufagio wangu, mwili ulinisisimka. Mungu ameweka mto ndani ya mtu, na mtu amepewa sikio la kuusikia.

Siku moja akaingia fundi nguo wa mtaani kwetu. Jina silitaji. Aliponiona akageuka atoke. Nikaziba mlango kwa mwili wangu huu mnaoujua.

"Mama, si wewe jirani yangu?"

"Mtu wa kliniki mimi simjui."

Akalala kitandani. Damu yake ilinong'ona.

Daktari akamwambia, "Mzee, mishipa ya huku ni myembamba, inaziba mapema. Naogopa ya moyo inafuata." Akamwandikia barua ya kwenda kupimwa moyo. Yeye akaificha mfukoni, kwa kumwogopa mkewe.

Kesho yake mke akanijia, macho mekundu. Ameambiwa mumewe alionekana karibu na kliniki yetu. Je, ana mwanamke mwingine, amemletea ugonjwa? Iliniuma. Nikamjibu lile lile nililomjibu mumewe. Halafu nikachukua sketi yangu nzima, isiyochanika popote, nikaenda kwa fundi kama mteja wa kushonewa. Nikamwambia mkewe analia, na barua haitibu mtu ikiwa mfukoni.

Alimwambia mkewe. Mke mwenyewe ndiye aliyempeleka kupimwa moyo. Mshipa wa moyo ulikuwa umebaki tundu la sindano, wakauzibua. Akaacha sigara, akameza dawa za sukari waliyomkuta nayo huko, na moyo ulipotulia ndipo Daktari akampa vidonge vya kusimamisha.

Sasa nimestaafu, nalea wajukuu, na bado mto ule nausikia. Juzi fundi alimwoza binti yake. Akashika maikrofoni, akasimulia yote bila haya, kisha akanionyesha kidole: "Mama, waambie ulivyonizuia mlangoni."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikaweka chini sahani ya pilau.

"Mtu wa kliniki mimi simjui."