Kilima cha Mzee Aatos

Marketta, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani kule Kemijärvi, mji wa kaskazini ya mbali wenye baridi kali, alikuwa na gari dogo lenye injini ya mbio, na aliliendesha hata theluji ilipofika magotini. Mumewe, Veijo, alilionea gari huruma.

"Likikwama leo, mama, tunalifungia bandani hadi barafu iyeyuke," alimwambia asubuhi. Marketta akakubali.

Kwenye kilima cha mzee Aatos, mgonjwa wake, magurudumu ya mbele yalizunguka bure, gari likateleza hadi chini. Marketta aliusikiliza mngurumo wa injini kama anayeagana nao. Kisha akaligeuza gari, akatia rivasi. Sasa injini ilikuwa upande wa bondeni, uzito ukayakandamiza magurudumu yale yale yanayovuta. Akapanda kinyumenyume, taratibu, shingo imepinda.

Aatos alimpokea mlangoni akicheka. "Binti, leo umenijia makalio mbele!"

"Nyamaza, babu, nipe mkono nikupime presha."

Simu ikalia. "Umepanda?" Veijo akauliza.

"Nimepanda."

"Hivi hivi tu?"

"Mume wangu, nina mgonjwa hapa," akasema, akikaza midomo asicheke. Nje gari lilimngoja, pua imeelekea barabarani.