Mapigo Matatu ya Adhuhuri

Mustapha, mwenye duka la vyuma pale Majengo, alikuwa ameshatandaza mashoka matano juu ya kaunta, na bado mteja wake anatikisa kichwa.

"Mzee Nestori, unachagua shoka au unachumbia?"

"Mke nilimpata kwa siku moja," Nestori akajibu. "Shoka ndilo la kuchunguza."

Waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. Nestori ni mfugaji nyuki wa upande wa Ugalla, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole hata kwa nyuki wenyewe, na kesho yake alikuwa anaingia porini na mwenzake Pacifique kukaa kambini wiki tatu. Akatoa uzi mfukoni, akalifunga nao shoka la kwanza, akalining'iniza, akaligonga kwa msumari. Pwa. Akaliweka pembeni. La pili nalo pwa, kama mtungi uliopasuka. La tatu liliita vizuri, lakini mpini wake ulipakwa rangi nyekundu, na alipoiona ile rangi uso wake ukabadilika.

"Hilo liondoe kabisa."

"Rangi ni urembo tu, mzee wangu."

"Rangi inaficha fundo. Liondoe."

Mustapha akaingia stoo, akarudi na kichwa kitupu cha shoka, cheusi, hakina mpini wala urembo. Nestori akakigonga. Mlio ukatoka mwembamba, ukaendelea, ukaendelea, mpaka watu wakaacha kuongea wakiusubiri uishe. Akapitisha tupa kwenye makali: ikateleza, haikung'ata, maana chuma kilikuwa kigumu. Akachungulia tundu: pana juu, jembamba chini, kwa hiyo mpini ukitiwa kabari haupandi wala haushuki. Mwisho akapapasa kisogo, yaani ule upande wa nyuma usio na makali, akakipapasa kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Watu huangalia makali," Mustapha akasema. "Wewe kisogo cha nini?"

Nestori akalipa, akaondoka na sababu yake. Ila nyie nitawaambia.

Wafugaji wa kambi ile wana desturi yao. Mtu akipotea haiti kwa sauti, maana sauti ya mtu haifiki mbali porini. Hugeuza shoka, akagonga mti kwa kisogo mara tatu: niko hapa. Atakayesikia hugonga mara nne: tumekusikia, tulia hapo hapo. Pigo moja si neno. Pigo moja ni mtu anayepasua kuni zake.

Miaka miwili nyuma, mwenzao wa tatu, Cyriaque, alikwenda kutazama mizinga ya mbali asirudi. Siku ya pili, adhuhuri, Nestori akiwa peke yake kambini, akasikia mapigo matatu kutoka ng'ambo ya mbuga. Akaruka na shoka lake jipya lenye mpini mwekundu. Akagonga mara moja. Mpini ukakatika kwenye fundo, kichwa kikarukia kwenye majani marefu. Akakitafuta kwa magoti, huku kule ng'ambo matatu yakipigwa tena, na tena, halafu basi. Alipokipata, pori lilikuwa limenyamaza. Walimtafuta siku nane.

Wazee walipotaka kuweka matanga, Monika, mke wa Cyriaque, aliwazuia mlangoni. "Nestori mwenyewe amesema alikuwa anaita, hakujibiwa. Mtu anayeita haliliwi." Tangu hapo hakutoa chozi hata moja.

Basi Nestori akakichongea kichwa kile cheusi mpini wa mkole, mishipa ya mti imenyooka toka juu hadi chini, akaingia porini na Pacifique.

Siku ya nne, saa sita kamili, vivuli vimejificha chini ya miguu, Pacifique alikuwa amekaa mbele yake ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Nyuki waliokuwa wanavuma kwenye masega wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu ng'ambo ya mbuga:

Ko. Ko. Ko.

Pacifique akaweka kikombe chini taratibu. "Kaka, mimi niko hapa. Wewe uko hapo. Pori hili halina mtu mwingine."

"Najua."

"Usijibu. Mfu akikuita ukamjibu, si ndiyo unamfuata?"

Matatu yakaja tena, yana mwendo ule ule, kama mtu ambaye hajachoka. Nestori akasimama, akageuza shoka. Moja. Akangoja mpini ukatike. Haukukatika. Mbili. Tatu. Nne.

Wakaanza kutembea, Pacifique nyuma akisali kwa Kirundi. Kila walipopoteza mwelekeo Nestori aligonga manne, na matatu yakajibu mbele yao, karibu zaidi. Ya mwisho hawakuyasikia kwa masikio. Yalipanda kwenye nyayo, kupitia ardhini.

Palikuwa na mninga mkubwa. Ganda lake limepondeka mahali patatu, na utomvu mwekundu ulikuwa bado unachuruzika, mbichi. Chini yake, mifupa ndani ya koti. Pembeni shoka, kutu tupu, na mchwa walikuwa wamelifunika kwa udongo mkavu usio na ufa hata mmoja. Hakuna aliyeliinua shoka lile kwa miezi mingi. Kwenye mpini uliooza Nestori aliona waya, akautambua. Aliuzungusha yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, alipomtengenezea Cyriaque shoka lile.

"Tumekusikia, ndugu yangu," akasema. "Tulia hapo hapo."

Pacifique alitoka kwenda kumwita mtendaji wa kijiji. Nestori akabaki. Msiniulize aliona nini kwa siku nzima ya kungoja. Mimi mwenyewe nimemuuliza, akasema pori lilikuwa kimya, na nyuki walirudi kuvuma.

Walipomfikisha Cyriaque nyumbani, wanawake walikuwa tayari wamejaa uani. Monika alikuwa amesimama katikati yao, macho makavu. Hakuuliza alikutwa wapi wala alikutwaje.

"Shemeji. Alijibiwa?"

"Alijibiwa."

"Mara ngapi?"

"Nne, shemeji. Mpini haukukatika."

Monika akakaa chini mavumbini, akajifunika kanga, na ndipo alipoanza kulia.