Sweta Jekundu la Bibi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilishuka Laela kwa Bibi, likizo ya chuo kikuu, kamera ya mkanda shingoni, nikijiona msanii. Nimekumbuka kwa sababu umeniomba kamera hiyo hiyo ukawapige wazee wa Malangali picha zenye sura ya zamani. Kaa kwanza.

Wakati ule kila mtu alitaka picha za rangi. Mimi, msomi, nilinunua mkanda wa nyeusi na nyeupe. Chuoni tulikuwa tumeambiana kwamba rangi ni za watu wasiojua sanaa.

Bibi aliifurahia kamera kuliko mjukuu. Shangazi yangu wa Mbeya alikuwa amemtumia sweta jekundu kupitia kwa Baba Fausta, jirani aliyeaminiwa mizigo ya mtaa mzima. Sasa Bibi alitaka picha ya kumpelekea shangazi, aone sweta limefika.

"Livue, Bibi," nikamwambia. "Jifunge lile shuka kuukuu, simama kando ya kihenge cha ulezi, usicheke."

"Kwani nimefiwa?"

"Tunatafuta uzamani, Bibi."

"Uzamani ninao mwenyewe. Magoti yangu umeyaona? Piga na sweta."

Nikapiga, naye akacheka mpaka pengo likaonekana. Habari za mkanda sikumwambia.

Picha nikaisafishia Sumbawanga, nikaituma Mbeya moja kwa moja. Jibu lilikuja na kondakta wa basi, akalitangaza stendi nzima isikie: shangazi anauliza lile sweta jeusi ni la nani, na jekundu Baba Fausta kalipeleka wapi?

Kufikia jioni watu walikuwa wamejaa kwa Baba Fausta kuchukua mizigo yao. Huyu kabeba ulezi wake, yule kabeba kuku aliyekwisha kufungwa miguu kwa safari. Baba Fausta akaja kwetu, kofia mkononi.

"Msomi, hebu niambie. Mimi nimeiba rangi?"

Ikabidi niseme ukweli: mkanda wangu ulikuwa wa nyeusi na nyeupe, na wekundu humo hutoka mweusi. Bibi alivaa sweta, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka stendi.

"Sweta hili lina rangi gani?" akawauliza watu.

"Jekundu!"

"Basi mrudishieni Baba Fausta kuku. Mwizi wa rangi ni huyu wangu, kasomea." Akanigeukia. "Nilikuomba unipige nilivyo leo. Kuzeeka nitazeeka, na picha itazeeka. Wewe haraka ya nini?"

Nilinunua mkanda wa rangi. Katika picha ya pili Baba Fausta amesimama kando ya Bibi, ameushika mkono wa sweta kwa vidole viwili, kama shahidi mahakamani.

Picha hiyo ndiyo ile iliyoko ukutani kwangu hapa Milanzi. Wekundu umefifia, kingo zimekuwa njano. Juzi uliitazama weee, ukaniuliza, "Baba mdogo, huu uzamani uliupataje?" Nilicheka, hukujua kwa nini.

Kamera ichukue, mwanangu. Ila kabla hujamwelekezea mtu, muulize anataka aonekane vipi, na mwambie umeweka mkanda gani. Akija na sweta jipya, lipige likiwa jipya. Mungu akujalie mkono usiotetemeka kwenye baridi yetu hii, na akupe maisha marefu, uzione picha zako zikizeeka zenyewe, bila kusukumwa.